Majani ya mkorosho yatafaulu maabara, sawa, halafu?

Chukua majani ya mkorosho wowote ule, uwe wa Naliendele, wa Tandahimba au wa kule Nachingwea, yakaushe kivulini, yasage, yaloweke kwenye methanoli siku mbili tatu, chuja, iache methanoli iruke yote, utabakiwa na kitu cha kijani cheusi kinachonata kwenye chupa. Hiyo ndo ekstrakti. Sasa ipeleke ikapimwe kama ina antioksidanti na kama inaua seli za kansa. Nakwambia mapema kabisa kabla hujalipa nauli: itafaulu. Na mwarobaini utafaulu, mlonge utafaulu, mpera utafaulu, hata ule mwembe wa nyuma ya choo utafaulu. Kwa hiyo kila nikiona utafiti wa namna hii unarushwa kwenye magrupu kwa shangwe, "wanasayansi wamethibitisha jani fulani linatibu kansa", huwa najiuliza limefaulu mtihani gani hasa, na huo mtihani unamsaidia nini mama wa Newala ambaye jana kaambiwa ana uvimbe kwenye ziwa.

Tuanze na huo wa antioksidanti maana ndo unaoandikwa sana kwenye lebo za makopo ya unga wa mlonge. Kuna kemikali inaitwa DPPH, kifupi cha jina refu ambalo hata wenyewe wanakemia hawalitamki, rangi yake ni zambarau iliyokolea. Ni radikali huru, yaani molekuli yenye elektroni moja iliyokosa mwenzake, kwa hiyo muda wote inatafuta wa kumpora. Ukiitia kitu ambacho kiko tayari kuipa elektroni au haidrojeni (hicho ndo antioksidanti) inatulia, na ile zambarau inakuwa njano. Mashine inapiga mwanga wa nanomita 517, inasoma zambarau imepungua kiasi gani, unapata namba inaitwa IC50, ambayo ni kiasi cha ekstrakti kinachotosha kufuta nusu ya hizo radikali, namba ikiwa ndogo maana yake jani ni kali, halafu unailinganisha na vitamini C. Imeisha hiyo. Njia hii ilielezwa na Blois mwaka 1958, ni nusu saa tu kazi imekwisha, haihitaji panya, haihitaji damu ya mtu, haihitaji mashine ya mamilioni mengi, na ndo sababu ya kwanza inapendwa, tusidanganyane.

Kinachogeuza rangi pale kwa sehemu kubwa ni polifenoli na tanini, zile zile zinazofanya chai ya rangi ikukaushe ulimi. Chai ya rangi ya mama ntilie inafaulu DPPH vizuri tu. Karafuu inafaulu kupita kiasi, ni katika vinara wa dunia. Mti uliosimama kwenye jua la Kusini mwaka mzima unapigwa na mionzi na kutafunwa na wadudu lazima utengeneze hivyo vitu kwa ajili ya kujikinga wenyewe, haukuwa unatufikiria sisi. Kwa hiyo mtu akikwambia jani lake lina antioksidanti nyingi, kakwambia kwamba jani lake ni jani.

Lakini tuseme ni nyingi kweli kweli. Je zinazuia kansa? Hapa ndo watu wengi hawajui kwamba swali hili lilishaulizwa kwa binadamu, tena kwa pesa nyingi. Nadharia ilikuwa nzuri: radikali huru zinaharibu DNA, DNA ikiharibika inaleta kansa, basi tuwape watu antioksidanti. Kule Finland wakachukua wanaume wavuta sigara 29,133, wengine wakapewa betakarotini, wengine vitamini E, wengine vyote viwili, wengine vidonge visivyo na kitu. Majibu yalitoka 1994: waliokunywa betakarotini walipata kansa ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Zaidi, sio pungufu. Marekani nako kulikuwa na utafiti mwingine wa namna hiyo, uliwahusu wavuta sigara na watu waliofanya kazi kwenye vumbi la asbesto, ukasimamishwa mwaka 1996 kabla ya muda wake kwa sababu kansa ya mapafu ilikuwa imepanda asilimia 28 kwa waliokuwa wanapewa vidonge. Yaani kitu kinachosifiwa kwa kuwa antioksidanti, kikiingia mwilini kwa dozi kubwa kinaweza kwenda kufanya kazi nyingine kabisa.

Na sababu mojawapo ukiifikiria inaeleweka, maana mwili wenyewe unazitumia hizo radikali, chembe nyeupe za damu zinazitumia kuua vijidudu, na hata mionzi wanayopigwa wagonjwa pale Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar, inafanya kazi kwa sehemu kubwa kwa kuzizalisha ndani ya uvimbe ili seli za kansa zife. Halafu mgonjwa akirudi alikofikia Mbagala ndugu yake anampa jagi la "antioksidanti kali". Sisemi glasi moja ya mlonge itafuta mionzi, hapana, ila wataalamu wa kansa wakisema vidonge vya antioksidanti vya dozi kubwa visitumike wakati wa mionzi, hawajatumwa na kampuni za madawa kama mnavyopenda kusema.

Mtihani wa pili ndo huu wa kuua seli. Mara nyingi wanatumia MTT, njia ya Mosmann ya mwaka 1983. Unaotesha seli za kansa kwenye vishimo vidogo vya plastiki, unamwagia ekstrakti kwa viwango tofauti, unasubiri siku moja mpaka tatu, unatia kemikali ya njano, seli zilizo hai zinaigeuza kuwa zambarau na zilizokufa hazifanyi kitu. Seli zinazotumika sana ni HeLa, ambazo zilitolewa mwaka 1951 kwenye kansa ya mlango wa kizazi ya mwanamke mmoja mweusi wa Marekani, Henrietta Lacks, bila yeye kuombwa ruhusa, akafariki mwaka huo huo na seli zake zinaishi mpaka leo kwenye maabara za dunia nzima. Kuna na MCF-7 za kansa ya ziwa. Kansa ya mlango wa kizazi ndo inaongoza kwa wanawake wa Tanzania, kwa hiyo mtu akisoma kwamba jani la kwao limeua HeLa moyo unamruka, namuelewa.

Sasa angalia kichekesho. Kwenye DPPH zambarau inakuwa njano, kwenye MTT njano inakuwa zambarau, na ekstrakti yenye antioksidanti nyingi inaweza kuigeuza ile njano ya MTT yenyewe hata kama kwenye kishimo hakuna seli hata moja! Mashine itasoma kwamba seli ziko hai. Na upande wa pili, polifenoli zikikaa kwenye ule mchuzi wa kuoteshea seli zinaweza kutengeneza haidrojeni peroksidi, ile ya kusafishia vidonda, na hiyo ndo ikaua seli, wewe ukaandika jani limeua. Maabara makini wanajua, wanaweka vishimo visivyo na seli, wanarudia kwa njia nyingine. Ila kazi nyingi za haraka haraka hazifanyi hivyo na hakuna anayeuliza.

Halafu kuua peke yake sio sifa. Wabanguaji wa korosho wa huku wanajua mafuta ya ganda yanavyobabua vidole, yatie kwenye HeLa uone kama itabaki seli. Cha maana ni kuua seli ya kansa ukaiacha ya kawaida, ndo maana utafiti wa heshima unapima na seli ambazo sio za kansa, mara nyingi Vero zilizotoka kwenye figo ya tumbili, halafu unagawanya namba moja kwa nyingine uone jani lina ubaguzi au linachinja yeyote. Ukisoma makala ya kisayansi ambayo haina hicho kipimo, ifunge ukapike. Tena kwenye ekstrakti ghafi, kigezo kilichozoeleka cha kusema hii inafaa kufuatiliwa ni IC50 (hapa ni kiasi kinachoua nusu ya seli) isiyozidi mikrogramu 20 au 30 kwa mililita. Unakuta mtu kapata 400, kaandika "ina uwezo mkubwa wa kupambana na kansa", na gazeti linaichukua hivyo hivyo.

Na kama kufaulu kwenye sahani ndo dawa, basi sisi wa Kusini tungekuwa tumeshapona zamani. Mwaka 1993 watafiti walitoa asidi za anakadiki kwenye juisi ya mabibo, tunda la mkorosho, mabibo haya haya, wakazijaribu kwenye seli za kansa ya ziwa na kwenye HeLa, zikaonyesha kuziua kwa kiasi. Ni kazi halali, imechapishwa. Sasa mabibo tunayala, tunayakamua, tunayanywa yakiwa uraka na mengine yanakwenda kuwa nipa, kila msimu, miaka nenda rudi. Kansa bado tunaifahamu vizuri tu.

Lakini mfalme wa hizi habari ni mstafeli. Bila shaka umewahi kutumiwa ile meseji, majani ya mstafeli yana nguvu mara 10,000 kuliko kemo (zile dawa kali za kansa za hospitali), kampuni kubwa zimeficha, tuma kwa watu 10. Watu wanadhani ni uongo wa kutunga tu, kumbe ina mzizi, na huo mzizi ndo wa kuuangalia. Mwaka 1996 wanakemia wa Chuo Kikuu cha Purdue kule Marekani walichapisha kazi ambayo ndani yake kuna molekuli moja, sisi-anonasini, iliyoonyesha kwenye seli za aina moja ya kansa ya utumbo mpana nguvu mara 10,000 ya adriamaisini, dawa mojawapo ya kemo. Hiyo ni kweli. Ila fuata vizuri: ilitoka kwenye mbegu, sio majani. Ilikuwa molekuli moja iliyochujwa na kusafishwa peke yake, sio chai. Ilikuwa kwenye seli za aina moja, ndani ya maabara, sio kwa mgonjwa wala kwa panya. Mbegu ikageuka majani, molekuli ikageuka sufuria, seli zikageuka mtu, na kila aliyeisambaza aliongeza kidogo. Na hakukuwa na haja ya mwongo mmoja mkubwa kukaa na kupanga.

Na kuna upande ambao meseji haiusemi. Hizi molekuli za familia ya anonasini zinaua kwa kuziba mtambo wa seli wa kutengeneza nguvu, na seli za neva nazo zinautegemea mtambo huo huo. Kisiwa cha Guadeloupe huko Karibiani, watu wanakula sana stafeli na kunywa chai ya majani yake, na mwaka 1999 madaktari waliripoti kule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaofanana na Parkinson lakini wenye tabia tofauti, ulionekana kwenda sambamba na utumiaji wa hayo matunda na chai. Baadaye maabara zikaonyesha anonasini inaharibu seli za neva na ubongo wa panya. Haijathibitishwa moja kwa moja kwamba stafeli ndo chanzo, na mtu anayekula stafeli moja kwenye kibaraza Mikindani asikimbie. Ila anayekunywa chai ya majani asubuhi na jioni mwaka mzima kwa sababu ya meseji, huyo nina neno naye.

Kingine kinachosahaulika ni kwamba maabara wanatumia methanoli na nyumbani tunatumia maji. Methanoli inatoa vitu ambavyo maji hayatoi. Halafu kwenye sahani seli inaogeshewa ekstrakti moja kwa moja, wakati wewe ukinywa inapita tumboni, utumbo unachukua kidogo, ini linakatakata kile kidogo, na polifenoli nyingi zinazofika kwenye damu ni mabaki tu. Kwa hiyo hata jani likiwa na IC50 nzuri, njia kutoka kwenye kikombe mpaka kwenye uvimbe ni ndefu na haijapimwa.

Najua mtakachosema, kwamba dawa za kansa zenyewe zimetoka kwenye mimea. Ni kweli tena mfano wake umeota kwenye mchanga mbele ya nyumba zetu, lile ua dogo la pinki au jeupe lenye majani ya kung'aa, asili yake ni Madagaska, wataalamu wanaliita Catharanthus roseus. Ndani yake wamepata vinblastini na vinkristini, na vinkristini mpaka leo inaokoa watoto wenye kansa ya damu na wenye uvimbe wa taya wa Burkitt. Lakini hadithi yake haiwasaidii mnavyofikiri. Waliokuwa wanalinywa huko Jamaika walilinywa kwa ajili ya sukari, sio kansa. Robert Noble na Charles Beer kule Kanada walikuwa wanatafuta kama linashusha sukari, sukari haikushuka, wakaona panya waliodungwa chembe nyeupe za damu zinapungua vibaya, wakafuata hapo, na 1958 vinblastini ikatangazwa. Na ili upate gramu moja unahitaji mamia ya kilo za majani makavu, na ikishakuwa dawa inaingizwa kwenye mshipa tu kwa vipimo vya hatari, ikienda pasipo pake kama kwenye uti wa mgongo inaua. Nani yuko tayari kuchemsha hilo kwa kukadiria kwa kiganja?

Wamarekani nao, taasisi yao ya taifa ya kansa, kati ya 1960 na 1982 ilipima ekstrakti takriban 114,000 za mimea. Zilizofika mwisho kwa maana ya kuleta dawa hospitalini zinahesabika kwa vidole, maarufu ni taksoli na zile zilizotokana na kamptotesini. Gome la mti wa taksoli lilikusanywa 1962, ruhusa ya kuitumia kwa wagonjwa ikatoka 1992. Miaka 30, na hiyo ni iliyofanikiwa.

Mimi sisemi watu waache kupima majani yetu. Nasema tunapima swali ambalo mgonjwa hajauliza. Mgonjwa wa kansa wa Liwale au Masasi anayekwenda Dar zaidi ya kilomita 500 na kurudi, hakai anajiuliza IC50. Anajiuliza, haya majani aliyonipa fundi wa mitishamba, naweza kuyanywa huku nachomwa zile drip? Atakunywa tu, umkataze usimkataze. Na jibu la hilo swali ndo hatuna, kwa sababu pesa na nguvu za vijana wetu wa vyuo zimeishia kwenye kugeuza zambarau kuwa njano.

Chukua mlonge. Mwaka 2008 watafiti wa Zimbabwe walionyesha kwamba ekstrakti ya majani yake inazuia CYP3A4, kimeng'enya cha ini kinachovunja dawa nyingi sana, zikiwemo dawa za kansa za vinkristini na dosetakseli. Hiyo ni taarifa nzito, maana kimeng'enya kikizuiwa dawa inajaa mwilini na dozi ya kawaida inakuwa sumu. Wenzetu hawakuishia hapo kwenda redioni kutisha watu. Walichukua watu wazima wanaotumia ARV ya nevirapini, wakawapa unga wa mlonge, wakapima damu, na majibu yaliyotoka 2017 ni kwamba kiasi cha nevirapini hakikubadilika kwa maana. Unaona? Maabara ilitisha, binadamu akasema hapana, kwa dawa hiyo na kwa dozi hiyo. Kwa dawa za kansa lazima uulize upya. Huo ndo utafiti ninaoutaka kwa mlonge, mwarobaini, mstafeli na mkorosho, na sio tena karatasi nyingine ya kutangaza kwamba jani lina polifenoli.

Na ukiamua kupima jani la huku lijue la huku. Kuanzia mwezi wa sita mashamba yanapigwa salfa kwa ajili ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, wengine wanapulizia na dawa za maji, jani limevaa vumbi la njano, wewe unalichuma unakwenda kuliua nalo HeLa. Nani kaua, jani au salfa? Jani changa jekundu na lile kongwe la kijani hayana vitu sawa. Ila makala nyingi zinaandika tu "majani yalikusanywa Mtwara", basi, hakuna mwezi, hakuna umri wa jani, hakuna historia ya shamba.

La wenye ujuzi nalo nilitaje tu, maana linahitaji makala yake. Mtafiti anakuja anakaa na fundi kijijini huko Rondo, anaonyeshwa mti, anaondoka na mfuko, jina la fundi linaishia kwenye "tunawashukuru wanakijiji". Lindi inayajua haya kuliko mkoa wowote, mifupa ya dinosaria ya Tendaguru ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 na mpaka leo iko Berlin. Tuna sheria ya tiba asili na tiba mbadala toka 2002, tuna baraza lake, kuna Itifaki ya Nagoya ya 2010 kuhusu kugawana faida. Makaratasi yapo.

Sasa mtu ataniambia hizo tafiti za dawa na majani kwa binadamu ni ghali, DPPH ndo tunayoimudu. Kweli, ila hatua ya kwanza sio ghali. Wagonjwa wanaficha kwamba wanakunywa majani kwa sababu wakisema wanafokewa, kwa hiyo kwenye faili hakuna kitu, na daktari akiona vipimo vya ini vimepanda anadhani ni kemo. Mwanafunzi mwenye daftari anaweza kukaa kliniki msimu mmoja akauliza kwa upole, shikamoo mama, ukiacha dawa za hospitali unakunywa nini kingine nyumbani, unachemsha kiasi gani, umepewa na nani. Orodha hiyo ikipatikana ndo majani yaende maabara, yaanze yale yanayonywewa na wengi, na yapimwe pamoja na dawa zile zile ambazo hao wagonjwa wanachomwa.